Safu Isiyofunga

Mlango wa stoo ya kiwanda cha vigae ulikuwa na maneno ya rangi nyekundu, kila herufi kubwa kama kiganja: SAFU ISIYOFUNGA INA MWIZI. Aliyeyaandika ni Mama Stoo mwenyewe, mwaka wake wa pili kazini, akiwa amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa. Chini ya herufi ya mwisho palikuwa na tone la rangi lililotiririka likakauka kabla hajaliwahi kwa kitambaa. Tone hilo lilimkera miaka ishirini na sita.

Maneno yenyewe hayakuwa mapambo. Kiwandani pale vigae vilitoka tanurini vikaingia kwenye maboksi, kumi na viwili kila boksi, na maboksi yakapangwa kumi na mawili kila paleti. Mwenye macho hakuhitaji kuhesabu. Alisimama mlangoni, akatazama, na safu ikiwa na pengo mwishoni akajua: ama kuna kilichovunjika kikafichwa, ama kuna mtu amekibeba. Kwa kanuni hiyo Mama Stoo alimnasa dereva aliyekuwa akificha vigae chini ya kiti, na baadaye mpishi wa kantini ambaye alikuwa anajijengea bafu, kigae kimoja kila Ijumaa, akibeba ndani ya sufuria. Bafu lilikuwa limebakiza ukuta mmoja. Watu walimcheka mpishi mpaka akahama mtaa.

Sasa ilikuwepo desturi nyingine pale, ya tangu kiwanda kinafunguliwa. Mfanyakazi mpya, kabla hajapewa hata ovaroli, alipewa bonge la udongo. Akatengeneza kigae kimoja kwa mkono wake, akakibonyeza katikati kwa dole gumba. Kikichomwa kikaiva, kilipelekwa stoo na jina la mwenyewe likaandikwa kwenye daftari jeusi. Meneja alikuwa na chake. Mfagiaji alikuwa na chake. Walioacha kazi, waliofukuzwa na waliokufa, vyao vilibaki palepale kwenye rafu za nyuma, na kila mwisho wa mwezi Mama Stoo alivifuta vumbi, rafu moja baada ya nyingine, kwa kitambaa kikavu.

Bwalo jipya la chakula lilipoanza kujengwa, kwa sababu la zamani lilikuwa linavuja mvua mpaka ndani ya sahani, meneja aliamua vigae vyote vya dole gumba vitandikwe katikati ya sakafu yake.

"Visikatwe," alisema, "maana huwezi kumkata mtu dole. Na kisibaki hata kimoja, maana huyo tutakayemwacha nje ni nani? Halafu vikae kiheshima, pembe nne zilizofunga, isionekane kama kiraka cha suruali. Viko vingapi, mama?"

Mama Stoo alihesabu majina daftarini. Akahesabu vigae rafuni, akiweka alama ya chaki kila vikifika kumi. Akarudia kutoka mwisho kuja mwanzo. Elfu moja mia saba thelathini na tatu. Akaandika, akasaini.

Mwezi huo ulikuwa wake wa mwisho. Tarehe thelathini angekabidhi funguo, na meneja angempa hati ya makabidhiano yenye mstari mmoja aliousubiri miaka ishirini na nane: *Stoo imekabidhiwa bila upungufu.* Mstari huo haukuongeza wala kupunguza kitu kwenye kiinua mgongo chake. Aliutaka tu. Fremu ya kuiwekea hati alikwishainunua kwa seremala, ya mbao, na kioo chake, nayo ilikuwa chini ya kitanda, imefungwa gazeti ili isikwaruzike.

Fundi aliyepewa kazi ya sakafu alikuwa mkwe wake, mume wa binti yake wa pekee. Walimwita Fundi Uzi, kwa sababu hakuweka kigae chini bila kwanza kuvuta uzi kutoka ukuta hadi ukuta. Masihara ya mafundi wenzake yalikuwa kwamba hata kitanda hatandiki mpaka avute uzi. Alikuwa mkwe mwenye adabu zake. Akizungumza na mama mkwe hakumtazama usoni, alitazama chini, na hivyo alivijua viatu vyote vya Mama Stoo, vya kazini na vya kutokea.

Siku ya Alhamisi alivipanga vikavu, bila saruji, ili aone kwanza. Alijaribu arobaini kwa arobaini na tatu. Vikabaki kumi na vitatu. Akajaribu arobaini na moja kwa arobaini na mbili. Vikabaki kumi na kimoja. Akakaa, akanywa maji, akapiga hesabu kwa msumari kwenye vumbi, akaanza upya: thelathini na nne kwa hamsini na moja. Hiyo ikaenda vizuri. Ilipofika saa tisa watu wa zamu walikuwa wamejaa mlangoni wakitazama safu zinavyojaa. Ilipofika saa kumi, safu ya mwisho ikafika kona ya upande wa jikoni, na hapo vigae vikaisha. Palibaki tundu la kigae kimoja.

Kimoja tu. Kama pengo la jino.

Fundi Uzi alikagua boksi, akalipindua, akalitikisa. Likamwaga vumbi. Mmoja wa wapakiaji akapiga mluzi mdogo, na mwingine, kwa sauti ya chini lakini ya kusikika, akasoma yaliyoandikwa mlangoni mwa stoo kana kwamba anasoma gazeti.

Habari ilimfikia Mama Stoo kabla hajafunga kofuli. Alipofika getini kutoka, mlinzi alikuwa anamsubiri. Huyu aliitwa Kidevu, kwa ndevu zake chache zilizoota upande mmoja tu. Zamani alikuwa mpakiaji. Na kila asubuhi, tangu apewe geti, alimwamkia Mama Stoo kwa maneno yaleyale: "Mama Stoo, safu zimefunga?" Naye alijibu, "Zimefunga," akapita. Wageni walidhani ni utani wa watu waliozoeana.

Jioni ile Kidevu aliuliza tena, ingawa haikuwa asubuhi.

"Mama Stoo, safu zimefunga?"

"Fungua geti, Kidevu."

"Nafungua. Lakini mkuki kwa nguruwe, eh?"

Hakummalizia. Methali hiyo haihitaji kumaliziwa.

Kesho yake meneja alimwita. Alikuwa kijana kwa umri, mwenye kusikiliza huku akibonyezabonyeza kalamu. Daftari jeusi lilikuwa mezani.

"Mama, mimi sikutuhumu."

"Ukianza hivyo ujue umeshatuhumu."

"Nisikilize. Sakafu imekosa kimoja. Kingekuwepo, vingekuwa elfu moja mia saba thelathini na nne, na safu ingefunga kabisa. Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha."

"Daftari lina majina elfu moja mia saba thelathini na tatu."

"Daftari unaandika wewe, mama."

Mama Stoo alilivuta daftari karibu naye. Angeweza kusema mengi, lakini kila alilolifikiria lilikuwa limewahi kusemwa na mtu mwingine, mbele yake, ndani ya stoo, na yeye hakulikubali. Ndivyo nilivyopokea. Mimi sijui. Nihesabieni tena. Meneja akamwambia kwamba hadi Jumatano, kama kigae hakijaonekana, kwenye hati ataandika upungufu wa kimoja. "Ni kigae tu," akaongeza kwa huruma. "Hakuna atakayejali."

"Mwenye dole lake atajali," alisema Mama Stoo, akainuka.

Jumamosi, nguo zilipokwisha kuanikwa, binti yake alikuja nyumbani akiwa na mfuko wa viazi na uso wa mtu aliyetumwa. Walimenya viazi mpaka sufuria ikafika nusu.

"Sema," alisema Mama Stoo. "Viazi haviongei."

"Mume wangu anasema... hajui aseme vipi, mama, anakuheshimu. Anasema udongo upo, na tanuri la majaribio linawaka Jumatatu. Anaweza kutengeneza kimoja. Akibonyeze dole lake, akikwaruze kidogo kionekane cha zamani. Atakiweka pale konani, na maneno yatakwisha."

"Dole lake lipo tayari. Safu ya kumi, nimeliona."

"Basi la kwangu."

"Wewe umewahi kufanya kazi pale?"

"Mama! Ni cha kona, kitakuwa chini ya meza!"

"Na daftarini niandike jina gani?"

"Lolote."

"Lolote si jina, mwanangu. Miaka ishirini na nane sijaandika mtu hewa, nikaanze wiki ya kuondoka? Mwambie mume wako nimeshukuru. Mwambie na viatu vyangu vimeshukuru."

Binti alicheka bila kutaka, akajikata kidogo na kisu, akanyonya kidole.

Ndipo Mama Stoo akauliza jambo lililokuwa likimzunguka kichwani tangu Alhamisi. Mkwe wake alikuwa amejaribu mipango mitatu. Ni mitatu tu? Mingine je? Elimu yake ilikuwa ya shule ya msingi, lakini kugawanya alikuwa hagawanyi kwa kubahatisha. Mwalimu wao alikuwa akichapa kwa kila baki iliyokosewa. Akafuta meza, akatoa rundo la karatasi za zamani za kupokelea mzigo, ambazo nyuma ni nyeupe, akachonga penseli kwa kisu cha viazi.

"Tunaanza na mbili," alisema.

Mbili ikabakiza kimoja. Tatu ikabakiza viwili. Alipotaka kuingia nne, akasimama penseli hewani. "Nne ya nini? Vilivyokataa kukaa viwili viwili vitakubalije kukaa vinne vinne?" Akaipita nne, na sita, na nane, na ndugu zao wote. Tano ikabakiza vitatu. Saba ikabakiza vinne. Kumi na moja ikabakiza sita. Kumi na tatu ikabakiza vinne, na kumi na tisa nayo vinne, kama zilizopatana na saba. Katikati yake kumi na saba ilikwenda mara mia moja na moja ikabakiza kumi na sita, na hapo Mama Stoo alipiga meza kwa kiganja.

"Huyu hapa! Ndiye aliyetudanganya. Kumi na sita, bado kimoja ajae. Thelathini na nne ni yeye mara mbili, na hamsini na moja ni yeye mara tatu. Mkwe wangu maskini kapanga kote kote na mtu mmoja yuleyule."

Akaendelea, kwa utaratibu, huku viazi vikichemka. Ishirini na tatu, baki vinane. Ishirini na tisa, baki ishirini na viwili. Thelathini na moja, baki ishirini na vinane. Thelathini na saba, baki thelathini na kimoja. Arobaini na moja, baki kumi na kimoja. Binti alikuwa anazirudia zote nyuma yake kwenye karatasi ya pili, na mara moja tu walitofautiana, mama akawa ndiye aliyepatia.

"Utafika wapi, mama? Mpaka elfu?"

Mama Stoo alifikiria rafu zake. "Nimefika," alisema. "Arobaini na mbili kwa arobaini na mbili ni elfu moja mia saba sitini na nne, tumeshapitiliza. Kwa hiyo upande mmoja ukizidi arobaini na moja, mwenzake lazima awe mfupi. Na wafupi wote nimewauliza, mmoja mmoja. Wamekataa."

Binti aliitazama ile karatasi, kisha akaanza kutikisa kichwa polepole.

"Mama, hii ina jina. Tulifundishwa shuleni. Namba tasa. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe."

"Mlifundishwa?"

"Darasa la tano."

"Na siku zote hizi umekaa nayo tu, hata kwa mume wako hukuisema?"

"Nani alijua itakuja kufaa kitu, mama!"

"Tasa," alisema Mama Stoo, akijaribu neno mdomoni. "Aliyeiita hivyo hakuijua. Hii ni jeuri tu. Haitaki kupangwa na mtu."

Viazi vilikuwa vimepondeka vyenyewe majini. Walivila hivyohivyo.

Jumatatu asubuhi aliweka karatasi kumi na tatu mbele ya meneja, moja kwa kila namba aliyoiuliza, baki imezungushiwa duara. Meneja alitoa kikokotoo. Akabonyeza kumi na saba, akatazama. Akabonyeza ishirini na tisa. Kisha, kwa ujanja wa kijana, akabonyeza arobaini na tatu.

"Huyo ni jirani wa arobaini," alisema Mama Stoo, "na vinabaki kumi na vitatu. Jaribu yeyote umtakaye. Mimi nina muda mpaka tarehe thelathini."

Meneja alijaribu namba nyingi. Kalamu ilikuwa imelala mezani, haijabonyezwa.

"Kwa hiyo vikiwa elfu moja mia saba thelathini na tatu..."

"Hakuna fundi duniani atakayefunga mstatili, labda avipange vyote mstari mmoja kutoka hapa mpaka barabarani. Pengo lile halimshuhudii mwizi. Lingekuwepo hata kama mwizi hayupo. Na wewe ushahidi wako wote ni pengo."

Meneja alizima kikokotoo, akasema, "Kweli. Sina ushahidi mwingine." Akavuta pumzi. "Upungufu sitauandika. Lakini, mama, Ijumaa wenye kiwanda wanakuja kufungua bwalo. Mwizi hayupo, sawa, na sakafu nayo haipo. Nikate? Nibakize? Kona ile wakiiona wazi, wewe unaweza kuwa na karatasi mia, watu wataisikiliza kona."

Hilo nalo lilikuwa kweli, na Mama Stoo alilijua.

Alimkuta Fundi Uzi amechuchumaa katikati ya bwalo, uzi umemzunguka kiganja, anatazama safu zake thelathini na nne kama mtu anayetazama ng'ombe aliyekataa kusimama. Alipoona viatu vyeusi vya kazini, aliinuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Nimesikia ulinitumia salamu za udongo."

Mkwe aliangalia vile viatu kwa aibu kubwa. "Nilitaka kukusitiri, mama."

"Najua. Sasa nisitiri kwa kazi. Meneja amesema pembe nne zilizofunga. Je, amesema ziwe sakafu moja?"

Fundi Uzi alifikiri. "Hakusema."

"Baraza la mlangoni nalo litawekwa nini?"

"Saruji tupu. Mita nne kwa nne."

Kwa mara ya kwanza tangu aoe, alisahau akainua macho akamtazama mama mkwe usoni. Kisha akayashusha haraka.

Mama Stoo alipindua ndoo, akakaa. Alitaka miraba miwili, mmoja wa ndani na mmoja wa barazani, maana mraba ndio wenye heshima kuliko mistatili yote, haupendelei upande. Akaandika miraba yote kwa kushuka, kuanzia moja kwa moja mpaka arobaini na moja kwa arobaini na moja. Halafu akaanza kutoa. Arobaini na moja ilibakiza hamsini na viwili. Hamsini na mbili haimo orodhani. Arobaini ilibakiza mia moja thelathini na tatu, haimo. Thelathini na tisa, mia mbili kumi na viwili, haimo. Thelathini na nane kwa thelathini na nane ni elfu moja mia nne arobaini na nne, na baki ni mia mbili themanini na tisa.

Akapandisha kidole kwenye orodha, taratibu, mpaka kikasimama.

"Kumi na saba kwa kumi na saba," alisema. "Mia mbili themanini na tisa. Huyu tena! Alituharibia, sasa anakuja kutengeneza."

Fundi Uzi alikwishavuta uzi. Kigae kimoja na kiungo chake kilikuwa sentimita ishirini. Thelathini na nane zilikuwa mita saba na sentimita sitini. Ukumbi ulikuwa na upana wa mita tisa. Kumi na saba zilikuwa mita tatu na arobaini. Baraza lilikuwa mita nne. Vyote viliingia na vikabakiwa na ukingo wa saruji wa kupitia fagio.

"Hakuna njia nyingine ya miraba miwili?" aliuliza, kwa sababu fundi mzuri hukata kitambaa baada ya kupima mara mbili.

Mama Stoo aliendelea mpaka thelathini, maana chini ya hapo ingekuwa kurudia miraba ileile kwa kugeuza. Thelathini na nne iliponea chupuchupu: ilibakiza mia tano sabini na saba, na ishirini na nne kwa ishirini na nne ni mia tano sabini na sita. Nyingine hazikukaribia hata kidogo.

"Ni hiyo moja tu," alisema. "Jeuri yote ile, kumbe ilikuwa na mlango mmoja."

Wakakubaliana kwamba barazani vikae vigae mia mbili themanini na tisa vya mwanzo, vya watu walioanza na kiwanda, na waliobaki wakae ndani. Fundi Uzi alifanya kazi siku tatu. Jumatano jioni aliweka cha mwisho, na mkononi hakubaki na kitu ila uzi.

Lakini Mama Stoo alikuwa hajamaliza na namba. Jumatano hiyohiyo, akipanga madaftari ya kumkabidhi mwenzake, alifungua moja la miaka kumi na tisa nyuma, kwenye ukurasa aliokuwa akiujua bila kutafuta. Mzigo wa vigae vilivyookolewa kwenye tanuri lililopasuka. Maboksi kumi na saba yamejaa, la kumi na nane lina saba. Chini yake, kwa mwandiko wake mwenyewe mzuri: *Upungufu vigae vitano. Mpakiaji: Kidevu.* Alisimamishwa wiki mbili. Alisema ndivyo alivyovipokea, akaomba wakaulizwe watu wa tanuri. Mama Stoo hakwenda kuuliza. Safu haikufunga, basi.

Vigae mia mbili na kumi na kimoja. Tanuri lililopasuka halijui kumi na mbili, linakupa vilivyopona. Alikaa akaigawanya namba hiyo pia, kwa mazoea mapya. Mbili, tatu, tano na saba zote zilibakiza kimoja kimoja. Kumi na moja, viwili. Kumi na tatu, vitatu. Haikukubali mtu yeyote. Akafunga daftari, akaenda kwa meneja.

"Nataka barua ya kumsafisha Kidevu."

Meneja alisoma ukurasa, akasoma na hesabu. "Mama, ni miaka kumi na tisa. Nikiiandika barua hii, lazima nieleze aliyekosea. Itaingia kwenye hati yako. Haitakuwa ile uliyoitaka."

Mama Stoo aliifikiria fremu yake chini ya kitanda. Aliifikiria kwa muda mrefu kuliko alivyopenda.

"Andika," alisema. "Na tarakimu uziandike kwa maneno, asije mtu akaongeza sifuri."

Ijumaa asubuhi, tarehe thelathini, kabla wageni hawajafika, alimkuta Kidevu amesimama barazani, kofia mkononi, anatafuta. Kigae chake kilikuwa cha mia mbili sabini na moja, kwa hiyo kilikuwa hapo, safu ya pili kutoka mwisho, hatua ishirini kutoka getini kwake. Alikiona, akakigusa kwa ncha ya kiatu. Dole lilikuwa nene kuliko sasa.

Mama Stoo alimpa bahasha. Kidevu aliisoma taratibu, mdomo ukitikisika kwa kila neno. Alipofika chini alirudi juu.

"Mke wangu aliamini," alisema mwishowe. "Wiki mbili zile. Hakusema, lakini alikuwa anaficha chenji."

"Nilipaswa kwenda kuuliza tanurini. Sikwenda. Nisamehe."

"Miaka kumi na tisa nakuuliza swali moja kila siku, ukadhani nakuamkia."

"Sikudhani."

Kidevu alikunja barua, akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo chake. Hakusema amesamehe, wala hakusema hapana. Alivaa kofia, akatazama baraza lile la mraba, kisha mlangoni, mpaka kwenye sakafu kubwa ya ndani iliyokuwa inang'aa kwa kufutwa.

"Mama Stoo," alisema, "safu zimefunga?"

"Zimefunga," alisema. "Hapa, na kule ndani."

Hati yake aliitia kwenye fremu jioni ileile, akaitundika juu ya meza ya viazi. *Stoo imekabidhiwa bila upungufu. Kosa moja la daftari, limesahihishwa na mwenyewe.* Binti alipendekeza mstari wa pili ufichwe kwa ukingo wa fremu, nafasi ipo. Mama Stoo akamwambia ashike nyundo vizuri, asije akapinda msumari.

Na kabla hajatoka kiwandani siku ile, alikuwa amepitia stoo na kopo la rangi nyekundu. Maneno ya mlangoni hakuyafuta, maana mpishi na dereva walikuwa wezi kweli. Aliongeza mstari mmoja chini yake, akiwa juu ya ndoo ileile: AU INA NAMBA YAKE. GAWANYA KWANZA. Rangi ikatiririka tena kwenye herufi ya mwisho. Safari hii alikuwa na kitambaa mkononi, akaliwahi tone.